Wimbo wa nne kwenye flashi ya baba

Alhamisi. Mwezi wa tano unaelekea ukingoni na baridi ya Mbeya imeshaingia. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya mabati ya jirani kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Naandika hapa ofisini, faili la kazi nimelifungua upande mmoja wa kioo ili mtu akipita aone najituma. Nasubiri baba apige simu. Au asipige. Sijui kati ya hayo mawili ni lipi naliogopa zaidi.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati nitalia, na hapa si mahali pake.

Mama alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu kule Chimala. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya hiyo. Nilipokuwa sekondari walikodi basi wakaenda Iringa kurekodi albamu yao, ya kwanza na ya mwisho. Katika wimbo wa nne mama ndiye anayeongoza. Anaanza peke yake bila kinanda, halafu kwaya inaingia nyuma yake polepole, kama watu wanaovuka mfereji wa shamba mmoja mmoja.

Mama alitutoka mwaka juzi. Studio ya Iringa ilishafungwa zamani, mwenyewe alihama, na hakuna anayejua mashine zake zilikwenda wapi. Kaseti ya baba ililiwa na redio. Nyingine zilizokuwa kwa wanakwaya ziliazimwa hadi zikapotea.

Kwa hiyo sauti ya mama ilikuwa imebaki sehemu moja tu duniani. Ndani ya simu yangu.

Niliinunua mwenyewe. Mama akiwa bado hai, viongozi wa kwaya waliipeleka albamu kwenye duka moja la muziki la mtandaoni, nami nikailipia kwa simu nikiwa najisikia mtu wa maana sana. Wenzangu wanagawana nyimbo za bure kwenye makundi, mimi nanunua. Nilimwonyesha mama. Akasema, "Kwa hiyo sasa niko humo?" Akaigeuza simu kuangalia mgongo wake.

Kumbe kununua kwenyewe kulikuwa nusu nusu. Zile nyimbo zinafunguka ndani ya programu ya duka lile tu, kwenye simu yangu tu. Nje ya hapo ni mafaili yaliyofungwa, unayaona kwa jina lakini hayatoi hata mkwaruzo. Sikujali. Simu yangu naishika kutwa, ningeenda wapi?

Halafu mwezi uliopita baba akaanza.

Baba ana kitochi, hataki simu kubwa, anasema inamwangalia. Ila ana redio ndogo ya kuchomeka flashi, na msimu huu mpunga unapojaza anashinda shambani kwenye kibanda akiamia ndege wasiule. Anapiga debe, anapumzika, anapiga tena. Akaniambia kimya kinamzidi kule. Akaniomba nimwekee wimbo wa mama kwenye flashi. Kuomba si kawaida yake. Nikamjibu, "Hilo dogo baba, dakika mbili."

Dakika mbili! Naona aibu hata kuliandika.

Nikainakili albamu kwenye flashi, nikaijaribu kwenye redio ya jirani. Redio ikahesabu nyimbo zote vizuri kabisa, ikapita moja baada ya nyingine, kimya. Nikapakua programu ya kugeuza muziki. Ikaniletea matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, na mwishowe ikanipa mafaili ya MP3 yenye urefu sahihi na ndani yake hakuna kitu. Nikajaribu kurekodi kioo cha simu huku wimbo unacheza. Picha ikatoka, sauti ikakataliwa. Nikanunua waya wa kuunganisha simu na kompyuta. Waya ukawa unanguruma kama mashine ya kukoboa.

Nikawaandikia wenye duka. Wakanijibu kwa adabu nyingi kwamba mimi sikununua nyimbo, nilinunua ruhusa ya kuzisikiliza. Nimelisoma hilo mara kadhaa na bado linanikera. Ningejua nanunua ruhusa ningemwomba mama aniimbie bure, alikuwepo jikoni.

Na kama hiyo haitoshi, ukaja ujumbe mwingine kutoka kwao. Duka linafungwa. Ikifika Jumatano hii, kila kitu kitazimika, pamoja na vile nilivyovinunua.

Sijawahi kuiogopa Jumatano namna ile.

Jumapili baada ya ibada nikaamua kufanya kienyeji. Nikaunganisha simu na spika yangu ndogo, nikaazima simu ya pili, nikaiweka mbele ya spika irekodi. Nikatundika mablanketi dirishani na mlangoni kuzuia kelele za barabarani. Nikazima jokofu. Simu yenye nyimbo nikaizuia isipokee chochote. Nikakaa chini kando ya kitanda, kimya, nikilinda. Albamu ikacheza mwanzo hadi mwisho. Nilijiuliza kama ninaiba. Nikajijibu kwamba mwizi halipi kwanza.

Jumatatu nikaigeuza kuwa MP3, maana redio ya baba haisomi kingine. Nikasikiliza mwanzo wa kila wimbo kuhakikisha upo. Upo. Ule wa nne nikasikia mama anavyovuta pumzi na neno la kwanza tu, nikazima, kwa sababu zaidi ya hapo siwezi. Hapo ndipo nilipochemka. Nilisikiliza mwanzo tu. Jumanne alfajiri nikampa kondakta wa basi la Iringa bahasha yenye flashi, akaishusha Chimala, na muuza duka wa stendi akanithibitishia kwamba Mwalimu ameshaichukua.

Jana, Jumatano, nilifungua ile programu. Majina ya nyimbo yamekuwa ya kijivu. Ukigusa, hakuna kitu. Nikasema haidhuru, nimewahi.

Leo mchana wenzangu wametoka kwenda kula, mimi nimebaki na chapati yangu mezani, nikaweka spika za masikioni, nikafungua nakala niliyobaki nayo. Nikapiga moyo konde. Nikausikiliza wimbo wa nne wote.

Mama akaanza. Peke yake. Sauti yake ile ile, nyembamba juu na nene chini. Na kabla kwaya haijaingia, nikasikia mtu mwingine.

Mtu anaimba sauti ya pili, chini chini, karibu zaidi na kinasa sauti kuliko mama. Nikadhani ni mwanakwaya. Lakini pale kwenye albamu hakuna mtu, mama yuko peke yake, kila mtu wa kwetu anajua hilo. Nikarudisha nyuma. Nikaongeza sauti. Nikasikia mtu huyo anavuta kamasi.

Ni mimi.

Sikujua kama niliimba. Naapa sikujua. Nilikaa pale kando ya kitanda nikilinda kelele zisiingie, na kelele yenyewe nilikuwa mimi.

Nyumbani kwetu tulikuwa tunafunga siku kwa wimbo. Mama sauti ya kwanza, mimi ya pili, kaka yangu ya tatu, baba ya nne. Huchagui, unapewa sauti yako ukiwa mdogo na unazeeka nayo. Mama akianza, mdomo wangu ulikuwa unafunguka wenyewe hata nikiwa naosha vyombo. Tangu tumzike sijaimba. Kanisani nashika kitabu nachezesha midomo, na wanaosimama karibu nami wana adabu, hawasemi. Nilidhani ile sauti imekwisha. Kumbe ilikuwa inangoja aanze yeye.

Na sasa imekaa juu ya sauti ya mama yangu, na haitoki. Wimbo safi uliokuwa kwenye simu umezimwa na watu nisiowajua. Rekodi iliyobaki ni hiyo moja, na nimeichafua.

Nimempigia kaka yangu Gwamaka, yuko Mafinga kwenye mbao. Mashine ya kupasulia ilikuwa inapiga kelele nyuma yake. Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka. "Baba kashaisikia?" akauliza. Nikamwambia sijui, flashi anayo tangu juzi. Akasema, "Na hajapiga?" Nikamwambia hajapiga. Akaniambia, "Pole dada," kwa ile sauti ya watu wanaokuaga ukiingia chumba cha upasuaji.

Kwa sababu Gwamaka anamjua baba. Huyu ni mzee aliyewahi kuisimamisha kwaya katikati ya ibada, mgeni mkubwa amekaa mbele, akasema "Sauti ya pili, mmetoka njia," akaanzisha wimbo upya. Wimbo kwake hauguswi. Tangu mama aondoke ameikabidhi kwaya kwa wengine, hataki hata kuulizwa. Kitu pekee alichoniomba ni huu wimbo mmoja, nami nimempelekea mke wake na mtu amesimama mbele yake.

Namwona pale kibandani, ameweka redio sikioni, anangoja mama aanze. Anasikia nini? Anafikiri nini?

Nimempigia. Simu haipatikani. Nimempigia tena. Baba hazimi simu kamwe, anasema simu iliyozimwa ni dharau. Mkubwa wangu wa kazi amepita akaniuliza kama naumwa. Nimesema ni baridi.

…

Narudi kuandika. Niko nyumbani, jua limezama.

Amepiga.

Nilikuwa natoka ofisini, nimefika getini. Nikaona jina lake, nikasimama pembeni kwenye ukuta. Nikasema shikamoo baba. Akaitikia marahaba, na nyuma yake nikasikia debe linapigwa, nadhani ni jirani yake wa shamba, na chini ya debe nikamsikia mama anaimba. Na mimi.

Nilianza kuomba radhi kabla hajauliza kitu. Nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja, duka, kufungwa, mablanketi, kwamba sikukusudia, kwamba sikusikia. Aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

"Simu ilizima," akasema. "Umeme wote wa sola naupa redio."

Akapunguza sauti ya redio.

"Ule wimbo wa nne. Sauti ya pili ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Ubeti wa tatu umeshuka. Mama yako anapanda pale, wewe unashuka. Toka juzi narudia, nikawa nasema labda ni redio. Siyo redio. Ni wewe."

Nikamwambia baba, haiwezi kurekodiwa tena. Nikamwambia taratibu, kama unavyomwambia mtu habari ya msiba. Wimbo wenyewe haupo tena, uliobaki ni huo. Debe likapigwa, ndege nadhani wakaruka, maana alimpigia mtu kelele kwa Kinyakyusa aende upande wa pili. Halafu akarudi kwangu.

"Nani kasema kurekodi?" akasema. "Mama yako hajakosea popote, hana cha kurudia. Uje wewe. Jumamosi, asubuhi, kabla ndege hawajaamka. Redio ninayo, yeye ataanza."

Akakata. Baba haagi kwenye simu, hajawahi.

Nimesimama pale ukutani mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilitegemea hasira. Au kilio, ambacho kingekuwa kibaya zaidi. Sikutegemea mazoezi.

Nimempigia Gwamaka kumweleza. Akauliza kama yeye hakualikwa. Nikamwambia hakutajwa. Akasema Jumamosi kuna lori la mbao linateremka Mbeya, litapita Chimala, na sauti ya tatu haiwezi kuachwa wazi hivi hivi. Ameshamwomba dereva nafasi.

Wasiwasi haujaisha, nisijidanganye. Umehama tu. Mchana nilikuwa naogopa kwamba nimeimba, sasa naogopa kwamba itanibidi niimbe, mbele ya yule mzee, kweupe, nikijua. Vipi nikifungua mdomo kisha isitoke? Siku ile ilitoka kwa sababu sikuiangalia.

Flashi nyingine nimeshaijaza nakala hiyo hiyo, na nyingine nimeiweka kabatini chini ya mashuka, maana nimejifunza kutoamini kitu kinachokaa sehemu moja. Ndani yake kuna mama, na kuna mtu anavuta kamasi. Iwe hivyo.

Kisha nimefunga mlango, nikawasha spika yangu ndogo, nikamwacha mama aanze, na nikaujaribu ule ubeti wa tatu kwa sauti.

Ni kweli. Nashuka.