Nilikufundisha Kukohoa

Wekesa, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa na wivu, na wewe sitakuficha. Kakako Barasa alinipigia juzi kutoka Marekani, sauti imejaa kama ya mtu aliyeshinda uchaguzi. Kumbe huko anakoishi kuna mtambo wa zege karibu na nyumba yao. Wakazi walichoshwa na vumbi, wakalipeleka jambo hilo hadi bunge la jimbo, na sasa sheria imepita. Mitambo yote itafunikwa, na vumbi lake litapimwa. Barasa mwenyewe alisimama mbele ya waheshimiwa akapewa nafasi ya kusema. Unajua alisema habari za nani? Zako.

Nilimpa hongera. Moyoni nilitaka kukata simu.

Mtu huyu alikuona mara ya mwisho ukiwa bado kidato cha pili. Mimi nimelala kitanda cha chini ya chako katika kambi hii ya wafanyakazi wa kigeni hapa Najma miaka minne. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa lango pale kwenye mtambo wetu wa zege, wewe ukiingia ndani ya matangi ya malori kugonga kwa nyundo zege lililoganda, unatoka kope nyeupe, husikii hata ukiitwa. Halafu yeye ndiye anayelitaja jina lako bungeni, na watu wanaandika! Hapa mimi nimelitaja kwa nani? Kwa Mganda aliyepewa kitanda chako. Ni mtu mzuri, lakini anakoroma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliwaambia umeuawa na vumbi. Simlaumu. Mimi ndiye niliyewaandikia nyumbani kwamba ni kifua, na wewe unajua hicho kifua kilitoka wapi.

Uliniambia, "Mutiso, hata nikilala bado ile nyundo inapiga." Ukasema unaogopa kuingia kwenye tangi, unaogopa hata kutoka chumbani, unataka daktari wa kichwa. Nikajifanya mjuaji. Kadi yetu ya bima haikulipia mambo ya akili, na kambini kila mtu alisema kwamba mandubu, yule wa makaratasi ya kampuni, akiona neno hilo kwenye fomu anakukatia tiketi ya kurudi. Kama ni kweli sijui mpaka leo. "Sema ni kifua," nikakwambia. "Kifua kinalipiwa." Nikakufundisha na kukohoa, tukacheka sana. Ulikohoa vizuri mpaka daktari akakupa dawa ya kuvuta na siku tatu za ofu.

Na hapo nikaanza kukuonea wivu, wewe mgonjwa. Mimi nimesimama langoni kwenye joto lile, wewe umelala kwenye AC. Wiki iliyofuata ukaniomba nikusindikize tena kliniki, safari hii useme ukweli. Nikakujibu, "Umezidi, jamaa. Hata sisi tunachoka." Nilidhani unatafuta ofu nyingine. Nisamehe. Hukuniomba tena.

Siku mbili baadaye, mchana, kazi ikiwa imesimamishwa kwa sababu ya jua la Agosti, ulipita langoni kwangu bila kofia. Ukanipungia mkono. Nikadhani unaenda dukani, na hata sikuinuka kwenye kiti. Walikukuta jioni kando ya barabara ya kwenda Umm Salal. Jua lilikuwa limekumaliza.

Sasa sikia. Barasa anasema kuna mswada mwingine huko kwao, wa kuzilazimisha bima zilipie maradhi ya akili kama zinavyolipia mguu uliovunjika. Huo bado haujapita, wanasikiliza watu wiki ijayo. "Lakini huo hautuhusu sisi," akasema, akaendelea na habari za vumbi lake. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba ulikuhusu wewe. Nilinyamaza kwa sababu hilo ndilo jambo lako pekee ambalo ninalo mimi na yeye hana.

Naona aibu kuliandika. Nimekuwa nikilishikilia kama mali yangu, na lingeweza kumsaidia mtu mwingine anayesikia nyundo usingizini.

Ijumaa sina zamu. Nitampigia kabla sijanywa chai, maana nikinywa nitatafuta sababu. Najua atasimama tena mbele ya wakubwa wale na kulitaja jina lako, na mimi nitabaki hapa langoni roho inaniuma. Basi iniume. Mama yako akisikia huenda asitake tena kuongea na mimi. Nalo nitalibeba.

Kwaheri, Wekesa. Nakuahidi sitapunguza neno. Nitamwambia kwamba uliomba daktari, na kwamba aliyekukatalia ni mimi.

Mutiso