Anwani ya Baba

Kisiwani Savai'i,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Fuatino,

Pokea salamu zangu na heshima zangu zote. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba kifua cha mtoto kimepata nafuu. Huku sisi tu wazima. Mama anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua akikaa chini, lakini kiti hataki. Mimi naendelea na masomo. Maktaba yetu imepata vitabu vipya, ambavyo hakuna anayevigusa isipokuwa mimi na panya.

Barua yako imenifikia. Umeniomba anwani ya Baba huko Australia, ili Krismasi mtoke Auckland mkamfanyie mshangao. Nitakujibu, Dada, ila nivumilie nianze mbali kidogo, maana nikianza na jibu sitaweza kumaliza.

Unajua mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia Baba ujumbe wa Kiingereza kwa wakala, yule Kerrod anayetafuta watu wa kwenda kuchuma matunda Australia. Usaili ulikuwa uwe wa simu ya video. Baba alivaa shati la kanisani na tai, akakaa wima mbele ya simu tuliyoiegemeza kwenye kamusi yangu, tangu asubuhi mpaka majimbi ya mchana yakapoa. Kerrod hakupiga. Wiki iliyofuata akapanga tena, na tena hakupiga. Kisha akapiga bila taarifa Baba akiwa shambani, matope hadi magotini, akamuuliza kama mgongo wake ni mzima. Baba akasema ni mzima. Kerrod akacheka, akasema, "Safi sana, mzee, wewe ni wetu. Jiandae, nitakujulisha tarehe." Simu ikakatika.

Nawe unajua kwetu mtu akiambiwa ajiandae inakuwaje. Mama alimwambia mke wa mchungaji, na kabla jua halijazama wazee wa kijiji walikuwa wameshapanga kumuaga. Tulimchinja yule nguruwe mkubwa. Shangazi Tualima alitushonea familia nzima nguo za kitambaa kimoja, cha bluu chenye majani ya mshelisheli ya manjano. Mchungaji alimwekea Baba mikono kichwani, watu wakalia, wakamvika mashada ya maua mpaka masikio yake hayakuonekana.

Tarehe haikuja. Niliandika, nikaandika tena. Jibu lilikuja mara moja tu, likimshukuru Bwana Penitala kwa uvumilivu wake. Sijui Penitala ni nani. Labda naye yuko mahali fulani anasubiri.

Watu hawakunyamaza. Mjomba Lafaele kila akimwona Baba barabarani alikuwa akipaza sauti, "We Peniamina! Bado upo? Hiyo ndege yako wanaipiga kasia, nini? Basi turudishie machozi yetu!" Baba alicheka pamoja nao. Halafu akaacha kupita barabarani, akawa anakwenda shambani kwa kuzunguka nyuma ya choo. Halafu akaacha kwenda kanisani, na Baba unamjua.

Asubuhi moja alituambia Kerrod amepiga, ndege ni kesho. Akapanda feri na begi lake. Tangu hapo humpigia Mama simu kila Jumamosi. Mama humuuliza kama baridi imezidi, naye husema imezidi, na Mama humhimiza avae soksi.

Mwezi uliopita shule ilituvusha kwa feri hadi mjini Apia kwenye shindano la insha. Mwalimu alinituma mikate kwenye kiwanda kimoja kilicho mbali na soko. Uani palikuwa na mtu anashusha magunia, mweupe kwa unga toka nywele hadi miguu. Sura yake sikuitambua. Nilichotambua ni kitambaa cha shati lake. Ndicho kile cha gauni langu.

Dada, Baba hayuko Australia. Hakuondoka nchini kamwe. Analala stoo ya kiwanda kile. Nilipomsihi turudi wote nyumbani aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeshaagwa. Nitarudi nikiwa nani?" Kisha akaniuliza taratibu, "Yule mtu hajajibu?" Nikasema labda kesho. Akanifutia unga aliouacha begani mwangu, akarudi kwenye magunia.

Mama hajui. Nakusihi usimwambie, na tiketi usikate. Kila Ijumaa bado namwandikia Kerrod, kwa Kiingereza changu kizuri kuliko chote. Sitegemei kitu tena. Ila nikiacha, Baba akiniuliza tena nitamjibu nini?

Leo mchungaji amewaombea walio nchi za mbali, akataja jina la Baba. Mama amenishika mkono, nami nikaitikia amina kwa sauti, mimi ambaye darasani huambiwa nirudie kwa kuwa sisikiki.

Mama amefurahi mno kusikia kwamba mtakwenda kumwona. Amenunua soksi za sufu na kunipa niziweke pamoja na barua hii, umpelekee. Nimeziweka. Sijui uzifanye nini.

Msalimu shemeji, na umkumbatie mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Lupesina