Fundura Haipo Tena

Lisbon, 3 Machi 1863

Kwa mpwa wangu Anselmo, Gavana wa Kisiwa cha Santa Iria,

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na tumbo lako ambalo tangu utotoni halipatani na bahari. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi.

Sasa kazi. Amri yenye mhuri wa Waziri imo humu. Kwa kuwa mvua imewanyima watu wako mavuno, wakazi wa bonde la Fundura, wakubwa kwa wadogo, wapelekwe kwenye mashamba ya kahawa ya kisiwa cha kusini. Wao watapata chakula, mashamba yatapata mikono. Meli itakuja baada ya Krismasi. Waziri anaiita amri ya huruma. Itekeleze vizuri, nami nitakutafutia cheo karibu na nyumbani.

Mjomba wako,
Baltasar

Santa Iria, 20 Julai 1863

Mjomba, naomba baraka zako. Mimi mzima, na soksi ninazo.

Nilikwenda Fundura kwa punda. Ukungu wa huku hushuka mlimani asubuhi na hauna haraka ya kuondoka. Ndani yake unatembea kama mtu aliyelala, mbuzi unawasikia lakini huwaoni. Walinikalisha kizingitini wakanipa uji wa mahindi, na nilisikia kata ikikwangua chungu. Nikawasomea amri. Hakuna aliyelia. Mkubwa wao, bibi wanayemwita Nha Domingas, akaniuliza:

"Gavana, mwanangu, kusoma unajua?"

"Najua, bibi."

"Basi nisomee barua moja tu ya wale waliochukuliwa zamani. Kaka zangu walikwenda. Hata kama wanasema wanashiba kuliko mimi, sitaona wivu."

Sikuwa na la kusoma. Mjomba, hebu uliza huko wizarani: nani aliwahi kurudi?

Mpwa wako,
Anselmo

Lisbon, 9 Novemba 1863

Mungu akubariki, mwanangu. Mama yako anakohoa kidogo, lakini kwa ugomvi bado ana nguvu.

Nimeuliza. Mzee wa masjala alinitazama kana kwamba nimemuuliza mawingu ya mwaka jana yalikwenda wapi. Hakuna anayekumbuka mtu hata mmoja kurudi.

Lakini amri ile niliinakili kwa mkono wangu, na meli imeshang'oa nanga. Usinitie aibu. Nakuomba kama mjomba. Nakuagiza kama serikali.

Baltasar

Santa Iria, 14 Februari 1864

Mjomba, naomba baraka zako, leo kuliko siku zote.

Meli ilifika. Nilimwambia nahodha kwamba bonde limekwisha kwa homa. Akataka kuona. Nikampandisha mwenyewe, roho mkononi. Ukungu ulitufunika hata masikio ya punda hayakuonekana. Milango wazi, majivu baridi, hakuna jogoo. Watu wote walikuwa juu yetu mapangoni, wamewaziba watoto midomo. Nahodha akavua kofia akasali. Hapo mtoto mmoja akapiga chafya huko juu.

Nahodha akanitazama.

"Mbuzi," nikasema.

"Mbuzi," akasema naye, akashuka mbio. Sijui kama aliniamini au aliogopa homa.

Taarifa rasmi ya vifo imo humu pamoja na barua hii ya kweli. Chagua utakayompelekea Waziri.

Mpwa wako,
Anselmo

Lisbon, 30 Juni 1864

Mungu akubariki, akusamehe, na mimi anisamehe.

Nilizunguka uwanja wa mbele ya wizara mpaka njiwa wakanizoea, kisha nikapeleka taarifa ya vifo. Waziri alisema, "Masikini," akaagiza kahawa. Fundura imefutwa kwenye ramani, na kifutio nilikishika mimi. Kumbuka lakini: wafu hawalipi kodi, na nafaka ya msaada pia hawapati.

Tena nahodha yule, akilewa, husimulia juu ya mbuzi apigaye chafya. Habari zimefika. Gavana mpya anakuja na askari, nawe umeitwa ujieleze. Panda meli ya kwanza, Anselmo. Hapa naweza kukutetea. Huko siwezi.

Mjomba wako

Santa Iria, 2 Desemba 1864

Mjomba, naomba baraka zako.

Nafaka ya ikulu nimeihamishia mapangoni, na mimi nimeifuata. Na mvua imenyesha! Bonde limekuwa kijani hata naogopa kupepesa macho lisije likatoweka. Napanda maharage. Nha Domingas anasema, "Gavana, hayo unayazika, huyapandi."

Ila homa niliyoitaja kwa uongo imekuja kweli. Watoto wamelala nayo, na mimi mwili unachemka. Nikifumba macho naisikia sauti ya mama jikoni. Meli ya gavana mpya imeonekana. Sitaipanda. Siwezi kuwaacha hivi.

Mpwa wako

Lisbon, 18 Mei 1865

Mwanangu, Mungu akubariki popote ulipo.

Gavana mpya ameandika. Alilikuta bonde tupu, anasema, milango wazi, majivu baridi, na msalaba wenye jina lako. Ulikufa kwa homa.

Maneno hayo nayajua. Niliwahi kuyapeleka mbele mimi mwenyewe nikijua ni uongo, na sasa sijui kama nilie au nicheke. Tumekufanyia misa. Mama yako aliketi mbele, kisha akaniuliza, "Baltasar, wewe unaamini?"

"Naamini."

"Mimi siamini," akasema, akaenda zake kukufulia mashati.

Wizarani nimeacha kazi. Jana nilikwenda posta kuuliza meli ipi inachukua barua za Fundura. Karani akatafuta, akatafuta tena. "Mzee, mahali hapo hapapo."

Kwa hiyo barua hii nitaileta mwenyewe, pamoja na mashati. Nitapanda hadi bonde lile kwenye ukungu nikiita jina lako, mpaka mtu aniitikie.

Mjomba wako,
Baltasar