Walisema Unafanya Kusudi

Dada yangu Mwanamkuu,

Umelala makaburini Timbwani, nami hasira yangu ni ile ile ya siku uliporudishwa kwetu na talaka.

Wakumbuka asubuhi ile, miaka ya themanini? Ulikuwa juu ya mbuzi unakuna nazi, kifuu kikakuponyoka. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Kabla ya adhuhuri mkono ukarudi. Daktari akasema mshipa wa kichwani uliziba, sasa umezibuka, damu inapita. "Nendeni nyumbani, mshukuru Mungu." Tukafanya dua ya shukrani, na wewe, mgonjwa, ukatiwa jikoni upike.

Halafu ukaanza kutia chumvi mara mbili. Mwanao ukamwita kwa jina la marehemu baba. Ukichoka kabla hujamaliza kufagia ua. Mumeo akapaza sauti, majirani wakisikia: "Mkono si huo washika? Ulimi si huo wasema? Afanya kusudi huyu!"

Mavyaa wako, mamake mumeo, akadakia, "Maradhi gani haya? Kiburi tu!"

Nawe ukaniambia, "Mdogo wangu, wallahi sifanyi. Neno nalitafuta, silioni."

Yaani kupona kwako ndiko kulikokuhukumu!

Tangu hapo nimesoma kila kitabu cha utabibu nilichokipata, na nasema waziwazi: mshipa kuzibuka si mwisho wa habari. Damu ikikatika, vile vijishipa vyembamba kuliko unywele hukaa na njaa, kuta zake zikalegea. Damu ikirudi, na isingerudi ungekufa, huvikuta vimedhoofika. Vinavimba, vinavuja, vingine vinaziba tena kimyakimya. Mkono unashika, ulimi unasema, na ndani kumeharibika. Daktari alipaswa kutuambia tukuangalie. Hakusema. Mumeo naye hakuuliza. Alikuwa na hukumu yake tayari.

Juzi nilikutana naye kivukoni. "Asalaam aleikum, shemeji. Yaliyopita si yamepita?"

Nilimwacha na mkono wake hewani.

Najua kuitikia salamu ni wajibu, na hilo nitalijibu mwenyewe mbele ya Mungu. Lakini alikuita muongo hadharani, basi na aseme hadharani kwamba ulikuwa mgonjwa. Mpaka aseme, salamu yake siitikii.

Pumzika, dada. Kugombana niachie mimi.

Nduguyo, kitinda mimba