Gari Lako Halijaguswa

Kwa Fundi Cherehani,
Nyuma ya Soko,
Jumapili mchana, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, ingawa mkono wangu unataka kukimbilia habari. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Watoto wamepona yale mafua? Na kifua chako je, bado kinakusumbua baridi ikizidi? Vaa nguo nzito na uache ubishi, maana huko hakuna mama wa kukukanda.

Sisi huku tunapumua. Mama anaendelea na matibabu ya figo kila Alhamisi. Uso umemrudia kidogo na chakula anakula, lakini miguu haina nguvu, na ngazi mbili tu za mlangoni zinamtoa jasho. Mpwa wako, yule aliyekuwa mgongoni kwangu siku ulipoondoka, sasa ananizidi kimo na anavaa viatu vya baba yake bila kuomba. Mimi nashona. Mgongo unauma, lakini ni maumivu ya kazi tu, hayanilizi.

Kinachoniliza ni gari lako.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Baba hukaa pale pale sebuleni, na ukipiga wewe, yeye ndiye anayeinyakua simu. Halafu nikianza kueleza nitalia, utaniambia, "Dada, tulia," na muda wote utaisha ukinibembeleza. Binti wa jirani yetu anasafiri kesho kuja huko kwenu na amekubali kukupa barua hii mkononi. Tafadhali kaa chini uisome mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyomkabidhi Baba ufunguo. Ulimwambia gari ni amana, akutunzie mpaka urudi. Ulisema kama mtu mwenye haraka ya safari anavyosema, lakini yeye aliupokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo gari linaoshwa, linafunikwa shuka, linawashwa kila asubuhi na kungurumishwa mpaka majirani waamke. Plastiki za viti hazijatolewa, na siku za joto Mama hubanduka pale kitini kama chapa ya stempu. Dashibodi ameivalisha kitambaa cha kufuma ili jua lisiipasue. Kitambaa hicho hicho kimeziba geji ya joto na taa zote za onyo, kwa hiyo injini ikichemka, pua zetu ndizo zitakazojua kwanza.

Kutunza anatunza. Kubadilisha ndiko hataki hata kusikia. Anasema amana hairudishwi na viraka. Oili anaongeza tu, hamwagi ya zamani. Maji ya rejeta vile vile. Betri ilipokufa kabisa alinunua nyingine kwa huzuni, na ile maiti ameiweka chini ya kitanda ili ukija uione, usije ukadhani aliiuza. Mama analala juu ya betri, mdogo wangu, na amezoea.

Gari lilipokuwa linakaa tu chini ya shuka, tulikuwa tunacheka. Lakini tangu Mama aanze matibabu, ndilo linalompeleka hospitali ng'ambo ya mlima, kwenye barabara ya malori. Basi hawezi kulipanda kwa miguu ile. Nikazungumzia kukodi gari, na Mama akakataa katakata, eti hapandi gari asiloendesha mumewe. Wawili hawa wakiungana, mimi ni nani?

Mwezi uliopita nilimwita fundi makanika wetu, yule tunayemwita Kelele, aje alitazame gari Baba akiwa kwa kinyozi. Alilala chini yake na tochi, akatoka kimya. Ungemjua Kelele, ungejua kwamba hilo peke yake linatisha. Alinionyesha ubavu wa tairi, umejaa nyufa ndogo ndogo. Nikamwambia, mbona meno yake bado marefu? Akanieleza kwamba mpira huzeeka hata usipotembea. Hapo sikubishana naye, maana sketi iliyokaa kabatini miaka, siku unayoivaa ndiyo siku mpira wa kiuno unakatika, tena mbele za watu.

Kisha akanionyesha mafuta ya breki, meusi kama kahawa. Alisema yakikaa sana yanavuta maji kutoka hewani, na ukishuka mlima unakanyaga breki kila saa, yanachemka, na mguu unazama mpaka chini bila gari kusimama. Mkanda wa injini nao umeanza kuchanika kingo. Baba aliporudi, Kelele alimweleza yote. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akamnywesha chai, akamsindikiza mpaka barabarani. Hakubadilisha hata waipa.

Kabla hajaondoka, Kelele alininong'oneza mambo ya kufanya gari likizima njiani, nikayashika kichwani. Nashukuru niliyashika, ingawa hayakunisaidia nilivyotaka.

Alhamisi hii iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka hospitali, tunashuka mlima, Mama amesinzia kiti cha nyuma. Tumemaliza tu ile kona kubwa, tairi la nyuma likapasuka. Mlio wake bado uko masikioni mwangu. Baba sitamnyima haki yake, hakukanyaga breki kwa pupa. Aliushika usukani kwa mikono yote, akaliacha gari lipungue lenyewe mpaka likasimama. Tatizo ni pale liliposimama. Nusu iko barabarani, nusu iko nje, na nyuma yetu kona, anayekuja hatuoni mpaka awe ameshatufikia.

Mbele kidogo palikuwa na uwazi mpana. Nikamwambia Baba, twende polepole hivyo hivyo mpaka pale, hata rimu ikichubuka, Kelele amesema rimu si kitu. Akazima injini. Akasema rimu ya mtu haichubuliwi.

Sikuwa na muda wa kubishana. Niliwasha taa zote za kumetameta, nikamtoa Mama kwa mlango wa upande yasikopita magari, nikamvusha kingo za chuma za kando ya barabara kwa kumbeba, nikamketisha kwenye nyasi mbali na gari. Alikuwa ananiuliza kama kiatu chake kimebaki ndani. Nikamwambia asisogee hapo hata nikimwita mimi mwenyewe.

Nikarudi kwenye buti kuchukua pembetatu ya kuonya magari. Iko pale, mpya, ndani ya plastiki yake kama ulivyoinunua. Nilikuwa nimeanza kuichana kwa meno, nia yangu niikimbize juu kabla ya kona, mtu aione mapema apunguze mwendo. Baba akaja akaichukua mikononi mwangu. Hakupaza sauti. Alisema itafunguliwa na mwenyewe, akairudisha mahali pake na kufunga buti. Halafu akatoa leso mfukoni, akaenda kusimama nyuma ya gari, juu ya lami, akawa anaipunga.

Mdogo wangu, baba yetu alisimama barabarani badala ya pembetatu, ili plastiki ya pembetatu yako isichanike.

Lori lilitokea kwenye kona likiwa na mzigo wa mbao. Nilisikia honi, nikaona dereva anauzungusha usukani kwa nguvu zake zote. Likapita likakikwangua kioo cha pembeni na kukifagilia mbali, na Baba sikumwona tena. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Mama kule kwenye nyasi alikuwa anauliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Naomba Mungu asinirudishe tena mahali pale. Niliita "Baba" kama mtoto wa miaka mitatu.

Akaibuka mtaroni. Alijirusha mwenyewe lori lilipomkaribia, kiwiko kimechubuka, kiatu kimoja hana. Unajua alikwenda wapi? Si kwa Mama, wala si kwangu. Alikwenda kuokota vipande vya kioo chako na kuvifungia kwenye leso.

Dereva wa lori alisimama mbele akaja mbio na pembetatu zake, akaziweka juu kabisa kabla ya kona, mbali, kisha akatugeukia na kutufokea mpaka mate yakamkauka. Yeye na utingo wake walilisukuma gari mpaka kwenye ule uwazi, wakaegesha jiwe kwenye gurudumu. Sikuwauliza hata majina yao, na nimejilaumu kwa hilo.

Tukakaa nyuma ya kingo kusubiri gari la kutukokota, maana tairi la spea nalo Baba alikataa liguswe. Hapo nilimwambia Baba maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Nilimwambia kwamba utu wake ameuweka chini ya plastiki. Nilimwambia angemfanya Mama mjane kwa ajili ya kipande cha bati. Alivihesabu vile vipande vya kioo kimoja kimoja. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Nikibadilisha tairi, nikabadilisha breki, nikabadilisha kioo, mwisho litakuwa gari langu. Sasa yeye atakuwa amebakiza nini hapa cha kurudia?"

Mama alimshika mkono. Miaka hii yote nilidhani ni ukaidi wa uzee, na nilikuwa namcheka na shoga zangu. Kumbe anaogopa. Kila ukipiga simu unamuuliza, "Baba, gari langu?" naye anajibu kwa fahari, "Halijaguswa." Unacheka, unamwambia, "Hivyo hivyo, Baba, mwakani nakuja kulichukua." Kwako ni utani wa kuanzia mazungumzo. Yeye akiweka simu chini anachukua ndoo na kitambaa, anatoka nje kulifuta upya.

Tangu Ijumaa amezunguka kwa wauza spea za magari mabovu akitafuta tairi la aina ile ile ya zamani ili usijue lilipasuka. Jana amelipata. Ni kuukuu kuliko lililokufa, Kelele amelitazama akashika kichwa, na Baba amerudi nalo akitabasamu kama bwana harusi. Limeshafungwa. Kioo bado anakitafuta. Nilificha ufunguo ndani ya pipa la vitambaa, na Mama akamwonyesha. Nilipomlaumu, aliniuliza kama figo zake zitasubiri sisi tumalize ugomvi. Alhamisi hii wanakwenda tena, na nitakaa kiti cha mbele kwa sababu sijui kukaa wapi pengine.

Nimechoka. Silali vizuri, nashona mikono ya mashati ya watu upande usiofaa, nafumua, narudia. Wewe ndiye mtu pekee ambaye Baba anamsikia kwenye jambo hili, kwa hiyo nakupigia magoti. Mwambie abadilishe matairi yote na la spea, mafuta ya breki, mkanda, vyote. Aondoe kile kitambaa ili aione geji. Aifungue pembetatu. Na gari likizima njiani, aliondoe barabarani hata rimu ikiisha, watu wote watoke wakae nyuma ya kingo, na asisimame mtu juu ya lami, yeye wa kwanza.

Lakini namjua Baba. Ukimwambia hayo yote halafu ukamalizia na ile "mwakani nakuja" yako, hatafanya hata moja. Ataniambia umesema kwa huruma tu, na gari lazima ulikute lilivyo. Wifi aliniambia mmenunua nyumba huko. Alikuwa na furaha, na mimi nilifurahi naye kweli, sikulaumu hata kidogo. Maisha yako yako huko na watoto wako wanaongea lugha ya huko. Lakini Baba hajui, na kila siku ya kutojua inampeleka kwenye ile kona.

Mama anakusalimu na anasema ule vizuri. Shemeji yako anakusalimu, pia mpwa wako mrefu na mdogo wake wa kike anayekuita mjomba wa kwenye simu. Nisalimie wifi, wabusu watoto, waambie shangazi yao anawashonea nguo kwa kukisia vimo. Baba hajui ninakuandikia, lakini hakuna siku inayopita bila kukutaja, basi hesabu kwamba naye amekusalimu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako mpya, na akupe ujasiri wa simu moja.

Kama unarudi, mpe tarehe. Kama hurudi, mwambie hivyo, kwa mdomo wako mwenyewe, kabla ya Alhamisi. Najua atalia, na mimi nitakuwepo. Akishamaliza kulia, atanunua matairi.

Wako akupendaye,
Dada yako