Mizizi Isiyotaka Udongo

Burumba, Busia
Jumatatu asubuhi

Kwako Dada Brendah,

Sasa hivi, kabla sijashika kalamu vizuri, Sharlyne amebeba kikombe chake cha uji mpaka dirishani, akapanda juu ya jerikani, akataka kulimiminia ua uji. Nimemdaka mkono tone la kwanza likining'inia. Ati ua lina njaa, ati lina midomo mingi na hakuna mtu wa kulilisha. Hiyo midomo anayosema ni mizizi. Nikamwambia ua hili linakula hewa, akaniangalia vile watu huangalia mwongo.

Pole kwa kukupokea na kelele za mtoto kabla ya salamu. U hali gani, dada yangu? Kifua kimepoa na hiyo baridi ya Limuru, ama bado unaishi kwa tangawizi? Sisi huku hatujambo, Mungu ametushika. Sharlyne ameongeza mashavu, anaongea kuanzia anapoamka mpaka usingizi umkate maneno, nusu Kiswahili, nusu Kisamia cha kukhu, bibi yake. Malori yamepanga foleni mpaka karibu na kwetu, vumbi tunakula pamoja na ugali. Barua hii atakuletea baba Sharlyne, Oduori mwenyewe, kwa sababu lori lao linateremka Nairobi leo na dereva amekubali kusimama hapo kwenu barabarani. Nimekufungia dagaa omena na simsim kidogo. Ningepiga simu, lakini haya si mambo ya simu. Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia, na ninayetaka kumsema amekaa upande wa pili wa pazia anachambua kunde.

Najua unangoja kusikia habari ya okidi ya Madam Vivianne. Unakumbuka ilivyofika kwangu. Madam ndiye mwenye ile gesti karibu na maegesho ya malori. Mgeni mmoja alimzawadia hilo ua, naye Madam akaliweka ndani ya sahani ya maji, na wafanyakazi wake kila asubuhi wakaliongezea mengine, wakidhani wanalitunza. Majani yakakunjamana kama ngozi ya mzee. Siku aliyoniletea pale barabarani ninapouza miche, alisema mbele ya wateja kwamba nikilifufua, maua yote ya uwanja wa gesti yatakuwa chini yangu, nitalipwa kila mwisho wa mwezi kama mtu wa kazi. Likifa, basi, atajua mimi ni wa kuuza miche ya mikebe tu.

Na Oduori alikuwa ameshasema wazi, bila ubaya. Nisipopata kazi ya kueleweka, mimi na mtoto turudi kwao Nangina tukalime na mama, tuachane na kodi ya Burumba. Mimi sikatai jembe, dada, unanijua. Lakini lori linapita Busia, halipiti Nangina. Sharlyne angekuja kumjua baba yake kwa picha.

Kwa hivyo nilifanya kama ulivyonielekeza, wewe unayeshinda na maua kitaluni. Nililitoa kwenye ile sahani, nikabonyeza mzizi mmoja mmoja. Uliokuwa mgumu nikauacha, uliokuwa laini na kahawia na kunuka kama mtaro nikaukata kwa wembe nilioupitisha kwenye spiriti. Nikalipanda kwenye mkebe wa mafuta niliotoboa chini na ubavuni, nikajaza vipande vya makaa na maganda ya mti, hakuna udongo. Mizizi mingine ikabaki inatokeza nje, nikaiacha ipumue. Maji nilikuwa natia tu nikiona mizizi imekuwa nyeupe kama majivu. Nikishamwagia inageuka kijani, nangoja yachuruzike yote, ndipo nalirudisha dirishani lipate jua la asubuhi. Jani la katikati likaanza kunyooka. Nikaanza kuimba nikifua nguo.

Ndipo mama mkwe wangu, Mama Perez, akaja kutusaidia kumwangalia mtoto nikiwa barabarani. Dada, huyu mama ananipenda, hilo siwezi kukataa. Lakini ni mkulima tangu tumboni. Kwao, mzizi ukionekana juu ya ardhi ni aibu ya shamba zima. Viazi vitamu vikitokeza anapandishia udongo, mihogo ikichungulia anafunika, na mwanamke anayepita mzizi wazi bila kuinama anaitwa mvivu mpaka kwenye mazishi yake. Basi siku moja narudi jioni na miche yangu, naye ananipokea mlangoni anacheka. Akasema amenisaidia. Ati alikaa anatazama lile ua langu roho inamuuma, mizizi iko uchi mbele ya watu kama mtoto asiye na mama, akashindwa kuvumilia.

Alikuwa amekwenda mpaka kwa jirani mwenye ng'ombe. Mkebe wote ulikuwa umejaa udongo mweusi na samadi mbichi, ameshindilia kwa ngumi, umepanda mpaka kwenye kiuno cha majani. Na maji juu, yanang'aa.

Nilisema asante mama. Ungetaka niseme nini? Wewe pia umeolewa. Mkaza mwana hamwambii mama wa mume wake amekosea kupanda, tena yeye aliyelisha watoto sita kwa jembe. Nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya naanua nguo.

Siku zilizofuata alilimwagia asubuhi na jioni, na kila akimwaga analiombea. Mimi niko barabarani nauza miche huku moyo uko kwenye mkebe. Jani la chini likawa manjano, likadondoka. La pili likaanza. Nilimwona Madam Vivianne akipita na gari nikainama kana kwamba natafuta kitu.

Sasa nakuambia lile ambalo sijamwambia mtu. Jumapili moja Mama akaenda kanisani, nami nikabaki nikisingizia kichwa. Alipopotea kwenye kona tu, nikalipindua ua lote juu ya gunia. Mizizi ilikuwa imeanza kuoza tena, lakini katikati nikakuta minne bado migumu. Nikaiosha kwa maji ya mvua, nikakata iliyooza, nikapaka vidonda unga wa makaa, nikalirudisha kwenye makaa na maganda, na safari hii nikautundika mkebe dirishani kwa waya. Mama aliporudi akauliza udongo wake uko wapi, na mimi, dada, Mungu anisamehe, nikasema ni Sharlyne aliyemwaga.

Mtoto alikuwa amesimama hapo hapo. Nilidhani ataniumbua. Badala yake akajipiga kifua akasema kwa kujivuna kwamba ndiyo, ni yeye! Mama akamtazama mtoto, akatazama waya, akanitazama mimi. Akasema mtoto huyu ana nguvu. Kisha akaingia kupika. Tangu siku hiyo hakugusa mkebe tena, nami nikadhani amekasirika, nikawa natembea ndani ya nyumba kama mgeni. Chakula kikawa hakina ladha. Nilikuwa nimeliokoa ua, nikamuumiza mtu.

Basi juzi Jumamosi Madam Vivianne akaja bila kuniambia. Akainama dirishani. Dada, kuna mizizi mipya miwili, ncha zake kijani kama njegere, na jani dogo linachomoza katikati! Madam akapiga makofi, akauliza ni dawa gani nimetumia. Kabla sijafungua mdomo, Mama Perez akatoka na mwiko mkononi, akamwambia hakuna dawa, hili ua ni la kupanda juu ya miti, mizizi yake inataka upepo, na mtu yeyote anayeifunika udongo ama kuiweka kwenye sahani ya maji anaizika ikiwa hai. Akamuuliza Madam kama yeye angeweza kulala ndani ya beseni. Madam alicheka mpaka akashika ukuta. Amesema nianze kazi gestini mwezi ukianza, na mwenye mwiko pia aje siku moja awafundishe wafanyakazi wake.

Gari lilipoondoka nikapiga magoti palepale jikoni nikamwambia ukweli wote. Mama akaendelea kukoroga. Akasema alijua tangu Jumapili ile, kwa sababu hajawahi kuona mtoto anayemwaga udongo, halafu anaosha mizizi, anaipaka makaa, kisha anafunga waya fundo la watu wazima. Akasema tangu hapo kila nikienda barabarani alikuwa anakaa mbele ya mkebe anaangalia, kutaka kujua ua linataka nini, kwa vile aliona haya kuniuliza, mpaka yale maganda yakamkumbusha maua yanayoota juu ya miti bila udongo. Kisha akasema kwamba akiwa bibi arusi, mama mkwe wake alimwaga mtama shambani ukaota umebanana kama nywele. Mchana watu wamelala, yeye akaingia akaung'oa nusu ili uliobaki upate nafasi. Nikamuuliza alisema nini alipoulizwa. Akasema, mimi nilimsingizia mbuzi. Wewe angalau ulimsingizia mtu.

Tulicheka, dada, mpaka ugali ukashika chini.

Oduori ameambiwa. Haongei tena habari ya Nangina. Anasema akirudi atanitengenezea kichanja cha mbao cha kuning'inizia mikebe, maana Madam ana rafiki wa Malaba mwenye okidi nyingine mbili zinazokufa kwenye sahani.

Basi salimia wenzako wote wa kitaluni, na mumeo Chrispine mwambie ile nguo aliyomtumia Sharlyne ilimtosha, ila kichwa kilikataa kupita. Mama Perez anakusalimu sana, anasema uje wakati wa kunde. Nilitaka kukuuliza jambo moja tu kabla Oduori hajamaliza kufunga viatu, kama ile mbolea ya maji naweza kuanza sasa au ningoje mizizi ikomae, kwa sababu

Mama ananiita kutoka dirishani. Linet, Linet, njoo! Anasema mizizi yote imekuwa nyeupe kama majivu, si ndiyo leo siku ya maji, na hatamwaga hata tone mpaka nifike tuangalie pamoja, na huyu Sharlyne tayari amepanda jerikani na kikombe chake cha uji, kwa hivyo dada yangu wacha