Maswali ya Mganga kwa Baba

Ijumaa, Julai 1991

Bado naona aibu. Mganga mpya wa zahanati hajui Kinyambo, na Kiswahili cha Baba ni cha salamu tu. Kwa hiyo mimi, kitindamimba wake, ndiye niliyemuuliza habari za mkojo wake. Kwetu binti hatamki neno hilo mbele ya baba yake.

"Muulize, usiku anaamka mara ngapi kukojoa?"

Niliuliza huku nikitazama sakafu. Baba akajibu, "Mara moja."

"Na mkojo unatoka kwa nguvu?"

"Kama wa kijana!"

Lakini mimi nalala karibu na mlango wa nyuma. Kila usiku nasikia komeo, kisha Baba anasimama migombani muda mrefu akiguna. Nikamwambia mganga, "Mara sita. Na unatoka kidogo kidogo."

Baba alinigeukia. Namba za Kiswahili anazijua, kwa kuuza kahawa.

Mganga akauliza la mwisho: akiishi hivi siku zake zote, ataonaje? Nilidhani Baba angeinuka aondoke. Badala yake akasema polepole, "Mwambie nimechoka, mwanangu."

Mganga anasema tezi iliyo chini ya kibofu imevimba. Jumatatu twende hospitali, huenda atapasuliwa. Naogopa sana. Na njia nzima ya kurudi nyumbani Baba hakunisemesha.

Usiku huu nimeacha mlango wa nyuma bila komeo, asihangaike nalo gizani. Ametoka sasa hivi, amerudi. Komeo hakulifunga.